SIMU HAIJIPIGI YENYEWE: FUNGA KIOO KABLA YA KUITIA MFUKONI

Siku hizi simu za kupapasa, ambazo wengine huziita simu janja, zimeingia mpaka vijijini kwetu Karagwe na Kyerwa. Mkulima wa Igurwa anauliza bei ya kahawa akiwa shambani. Mzazi anaongea na mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Hela zinaingia na kutoka kwa simu. Haya ni maendeleo. Lakini yapo malalamiko yanayosikika mara kwa mara: "Simu yangu inawapigia watu yenyewe!"

Wengine wanasema kampuni ya simu inawaibia salio. Wengine wanasema simu imeingiliwa na matapeli. Wapo hata wanaosema kuna mkono wa mtu. Hebu kabla ya kumlaumu jirani, tujue kwanza kioo cha simu kinavyofanya kazi.

KIOO KINAHISI NINI?

Simu za vitufe hutaka kubonyezwa kwa nguvu. Simu ya kupapasa haitaki nguvu. Katika kioo chake mna umeme mdogo sana, usioweza kumdhuru mtu. Mwili wa binadamu nao hupitisha umeme. Kidole kinapogusa kioo, umeme ule hubadilika mahali pale, na simu inatambua umegusa wapi. Jaribu mwenyewe. Gusa kioo kwa kijiti kikavu: simu haiitiki. Gusa kwa ncha ya kidole: inaitika mara moja.

Sasa ubaya ni huu: kioo hakijui kutofautisha kidole na paja. Simu ikiwa katika mfuko wa kitambaa chepesi, au kitambaa kilicholowa jasho, paja linaweza kukigusa kioo. Mama anayeweka simu kifuani, ngozi inakigusa moja kwa moja. Hata matone ya mvua huweza kukichanganya.

Basi, ukimaliza kuongea ukaitia simu mfukoni kioo kikiwa bado kinawaka, yale majina ya watu uliowapigia yako wazi. Jina moja likiguswa, simu inaita. Kumbe aliyepiga ni wewe mwenyewe, ila hujui.

HASARA ZAKE

Kwanza ni hela. Dakika za kifurushi zinakwisha huku unatembea.

Pili ni siri. Tuseme mzee mmoja ana magunia matano ya maharage. Asubuhi ameongea na mchuuzi kwa simu. Baadaye anakaa na mkewe wanashauriana: "Akikazana tumwachie tu kwa bei ya chini, ada ya mtoto inatakiwa." Wakati huo simu iliyo mfukoni imekwisha mpigia mchuuzi, naye anasikia kila neno. Akija, atataja bei ile ile ya chini wala hataongeza hata shilingi. Jasho la msimu mzima limepotea kwa sababu ya kioo kilichoachwa wazi.

Tatu ni wasiwasi. Mama anapigiwa usiku na mwanawe. Anaita, "Halo, mwanangu!" Hajibiwi. Anasikia vishindo tu, kisha simu inakatika. Je, mama huyo atapata usingizi?

Nne ni namba ya dharura. Hapa Tanzania namba 112 ni ya kuita polisi. Hata simu iliyofungwa inaruhusu kupiga simu ya dharura bila namba ya siri. Hilo limewekwa kwa makusudi, ili mtu atakayekukuta umepata ajali aweze kuita msaada kwa simu yako. Tena, simu nyingi za Android zilizotoka tangu mwaka 2021 huita msaada ukibonyeza haraka mara tano kitufe cha kuwashia. Mwaka 2023 polisi wa Uingereza walieleza kwamba simu za kwenye namba yao ya dharura, 999, zimeongezeka sana, na sababu mojawapo ni kitufe hicho kubonyezwa bila kukusudia. Wakati polisi anasikiliza vishindo vya mfukoni, mwenye shida ya kweli anasubiri.

TUFANYE NINI?

1. Ukimaliza kuongea, hakikisha simu imekatika. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, kioo kiwe cheusi. Ndipo uitie mfukoni. Hili ndilo kubwa kuliko yote.

2. Weka namba ya siri, mchoro au alama ya kidole ya kufungulia kioo. Namba hiyo isiwe sawa na ile ya kutolea hela.

3. Ingia kwenye Mipangilio, utafute muda wa kioo kujizima. Weka sekunde 30.

4. Humo humo, zima kioo kuamka kwa kuguswa mara mbili au kwa kuinuliwa. Majina yanatofautiana kwa kila simu, kwa hiyo soma polepole.

5. Simu nyingine zina kinga ya mfukoni. Iwashe. Karibu na mahali pa kusikilizia, simu nyingi zina kijicho kidogo. Kikizibwa, simu inajua iko mfukoni na inakataa kuguswa. Kijicho hicho ndicho huzima kioo unapoiweka simu sikioni, shavu lisije likabonyeza kitu. Kwa hiyo kifute vumbi, wala kisifunikwe na protekta.

6. Tumia kifuko chenye mfuniko. Kama huna, kioo kielekee nje, mbali na ngozi.

7. Kioo kilichopasuka au kuingia maji huweza kujigusa chenyewe. Chaja duni nayo huleta kasoro hiyo wakati wa kuchaji. Jaribu chaja nyingine. Ikishindikana, muone fundi.

8. Njia ya kuita msaada usiizime ovyo, huenda ikakuokoa siku moja. Chagua ile inayohesabu sekunde kabla ya kupiga, ili upate nafasi ya kusitisha.

Wenye vitochi nao wafunge vitufe vyao. Katika simu nyingi za aina hiyo kitufe cha nyota ndicho hutumika.

KAMA IMEKWISHA PIGA

Usikate kimya kimya. Kama ni ndugu, mwambie, "Samahani, simu imejipiga, sisi ni wazima." Kama ni polisi, sema, "Nimepiga kwa bahati mbaya, niko salama." Ukikata bila kusema neno, watabaki wanajiuliza kama umevamiwa.

Kisha fungua orodha ya simu zilizopigwa. Soma jina na saa. Kama ni saa uliyokuwa njiani kwenda mnadani, na jina ni la mtu uliyeongea naye karibuni, huenda ni mfuko tu. Lakini ukikuta namba usizozijua, hasa za nchi za nje, hilo ni jambo lingine. Huenda kuna mtu ameitumia simu yako, au kuna programu mbaya ndani yake. Nenda ukaulize kwa wahudumu wa mtandao wako.

Ndugu msomaji, unaona faida ya kujua kusoma. Asiyesoma orodha hiyo atabaki kulaumu wachawi. Wewe uliyeelewa, leo jioni mwonyeshe mzee wako, bibi na jirani namna ya kufunga kioo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kijiti kikavu hakiwezi kupiga simu, lakini paja linaweza?
2. Simu yako inachukua sekunde ngapi kujizima? Hesabu.
3. Ukikuta umepiga 112 bila kukusudia, utasema nini?