Ruzuku ya Magari Yasiyochafua Hewa: Inacholipa na Inachoiachia Halmashauri

Magari ya umeme na ya gesi yameanza kuzoeleka Dar es Salaam. Kwa wakazi wa Kalenga, Iringa na Mbeya, maswali mawili bado yanaulizwa: fedha za kununulia vyombo hivyo hutoka wapi, na vikishanunuliwa, nani hubeba gharama za kuvitunza?

Ruzuku ni fedha isiyorejeshwa. Mkopo, hata ukiwa wa masharti nafuu, hulipwa na walipa kodi. Tofauti hiyo husahaulika mara kwa mara mradi unapozinduliwa. Miundombinu ya awamu ya kwanza ya Mabasi Yaendayo Haraka, ambayo huduma yake ilianza Mei 2016, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mabasi 140 ya mwanzo yalitumia dizeli. Awamu ya pili, ya Mbagala, ilijengwa kwa mkopo uliotoka hasa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mabasi ya njia hiyo, yaliyoanza kuwasili mwaka 2025, yanatumia gesi asilia iliyoshindiliwa.

Ruzuku halisi ya usafiri wa umeme jijini humo ilikuja kwa njia nyingine, na kwa kiwango kidogo zaidi. Mradi wa SOLUTIONSplus, ulioanza Januari 2020 kwa fedha za Umoja wa Ulaya, uliichagua Dar es Salaam kuwa mojawapo ya miji ya majaribio, pamoja na Kigali nchini Rwanda. Shabaha yake ilikuwa bajaji za umeme za kuwafikisha abiria kwenye vituo vya mabasi yaendayo haraka na kuwatoa hapo kwenda majumbani. Fedha za namna hii hulipia jaribio: vyombo vichache, vifaa vya kuchajia, mafunzo na upimaji wa matokeo. Jaribio likikamilika, kueneza huduma hubaki kuwa kazi ya mamlaka na wawekezaji.

Kuna aina nyingine ya ruzuku, inayolipa pengo la bei. Gari la umeme ni ghali kulinunua kwa sababu ya betri, ingawa matumizi yake ya kila siku ni nafuu. Uingereza ilianzisha mwaka 2021 mpango ambao Serikali Kuu ilizipa mamlaka za usafiri za mitaa hadi asilimia 75 ya tofauti kati ya bei ya basi la umeme na basi la dizeli la aina hiyo hiyo. Haikununuliwa mamlaka yoyote basi zima kwa fedha hizo; sehemu iliyobaki ililazimu itafutwe nyumbani.

Faida kwa mazingira inaweza kukadiriwa bila vifaa vya maabara. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Bajaji inayotumia lita tano kwa siku, kwa siku 300 za kazi, hutoa zaidi ya tani tatu kwa mwaka. Katika mchango wake wa kitaifa chini ya Mkataba wa Paris, uliowasilishwa mwaka 2021, Tanzania ilijiwekea lengo la kupunguza uzalishaji wa gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua hizo.

Hata hivyo, kinachofaa Dar es Salaam si lazima kifae Nyanda za Juu Kusini. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay husafirishwa kwa bomba katika ukanda wa pwani. Bomba hilo halifiki Iringa wala Mbeya. Umeme, kwa upande wake, unazalishwa jirani. Mitambo ya Mtera ina uwezo wa megawati 80 na ya Kihansi megawati 180, na njia kuu ya msongo wa kilovolti 220 imepita Iringa na Mufindi hadi Mbeya kwa miaka mingi. Kwa ukanda huu, kuchagua gesi kungekuwa kuisafirisha kwa malori ya masafa marefu, jambo ambalo lingepunguza sehemu ya faida inayotafutwa.

Milima nayo ina hesabu yake. Kupanda kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini hula betri haraka kuliko barabara tambarare za pwani. Wakati wa kushuka, mota ya umeme inaweza kurudisha sehemu ya nguvu hiyo kwenye betri, lakini si yote. Kwa hiyo umbali anaoutaja muuzaji aliyepima chombo kwenye tambarare hauwezi kuchukuliwa kama ulivyo kwa safari ya Kalenga hadi mjini, takriban kilomita 15 kwenda peke yake, chombo kikiwa kimejaa abiria.

Jambo linalostahili uangalizi mkubwa zaidi ni betri. Ni kifaa cha bei kubwa kuliko vingine vyote katika chombo cha umeme, na uwezo wake hupungua mwaka hadi mwaka. Ruzuku ya ununuzi kwa kawaida hailipii betri ya pili. Halmashauri isiyoitengea fungu katika bajeti yake inaweza kujikuta na magari mazima ya mwili yasiyotoka uani, na wananchi wakarudi kwenye dizeli.

Kwa dereva mmoja mmoja, mlango ulio karibu zaidi si ruzuku ya kimataifa. Ni mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo, iliyosimamishwa mwaka 2023 ili kuboresha utaratibu, ilirejeshwa mwaka 2024, na hutolewa kwa vikundi, ambavyo baadhi yake hununua bajaji na pikipiki. Kikundi kinachofikiria chombo cha umeme kinapaswa kuandika katika andiko lake la mradi bei ya betri ya kubadilisha, mahali pa kuchajia na fundi atakayekihudumia, kabla ya kulipeleka kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.