Seli za Maabarani na Saratani ya Kibofu cha Mkojo

Leo tutazungumza juu ya saratani ya kibofu cha mkojo, ambayo wengi wetu huiita kansa ya kibofu. Nitaeleza jinsi wanasayansi walivyoichunguza kwa kukuza seli zake ndani ya chupa, na jambo hilo linakuhusu vipi wewe mkulima wa kahawa wa Runyenjes au mfanyabiashara wa Maua.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya swali ambalo sisi wauguzi huulizwa mara nyingi tunapotembelea wagonjwa nyumbani: "Sista, je, hii kansa iko katika damu ya ukoo wetu?" Swali hili si dogo. Kwa hofu hiyo mgonjwa hufichwa nyumba ya nyuma, na vijana hukatazwa kuoana kwa sababu babu wa upande mmoja alikufa akikojoa damu. Basi na tuone maabara inasema nini.

Mwili wako umejengwa kwa seli, vipande vidogo mno visivyoonekana bila hadubini. Ndani ya kila seli mna maagizo yanayoitwa jeni. Jeni ndizo huiambia seli ifanye kazi gani, igawanyike lini na ikome lini. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu, zinazorudiwa mara nyingi sana.

Sasa fikiria umemtumia ndugu yako ujumbe kwa simu: "Niletee mbuzi kesho." Kidole kikateleza kwa herufi moja tu, ukaandika "Niletee mbuni kesho." Wewe unangoja mbuzi wa kuchinja, naye anakuja na gunia la kahawa iliyokaushwa na maganda yake! Herufi moja imebadilisha jambo lote. Katika seli pia huwa hivyo. Herufi moja ikibadilika mahali pabaya, seli iliyoambiwa "koma" huendelea kugawanyika mchana na usiku. Hivyo ndivyo saratani huanza.

Pengine utauliza, walijuaje hayo? Mtu hawezi kufunguliwa kibofu kila siku ili seli zitazamwe. Kwa hiyo daktari akitoa uvimbe, kipande chake hupelekwa maabarani. Huko hukatwakatwa na kuwekwa katika chupa yenye maji ya lishe: sukari, chumvi, protini na vitamini. Chupa huhifadhiwa katika joto la nyuzi 37, sawa na joto la mwili. Seli za kawaida hugawanyika kwa muda, kisha huchoka na kukoma. Lakini seli za saratani zikikubali kukua katika chupa, zinaweza kuendelea kwa miaka na miaka.

Kazi kama hii ina historia hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza saratani iliyokuwa ikivimbisha mataya ya watoto. Vipande vya uvimbe wa watoto hao vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London. Huko Anthony Epstein na Yvonne Barr walifaulu kukuza seli zake, na mwaka 1964, pamoja na Bert Achong, wakaeleza kirusi walichokiona ndani ya seli hizo. Ndicho kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani.

Tukirudi kwenye kibofu, seli zilizotufundisha zaidi zinaitwa T24. Zilitolewa katika uvimbe wa kibofu wa mama mmoja wa Sweden mwenye umri wa miaka 81, na zimekuzwa maabarani tangu mwaka 1970. Mama huyo alikuwa mzee wakati huo, lakini seli zake bado zinakuzwa katika maabara nyingi duniani hadi leo.

Mwaka 1982 vikundi vya watafiti wa Marekani, vikiongozwa na Robert Weinberg, Mariano Barbacid na Michael Wigler, vilichukua jeni kutoka seli za saratani ya kibofu kama hizo na kuzitia katika seli za panya. Seli za panya zikaanza kukua ovyo kama saratani. Walipoisoma jeni iliyofanya hivyo, inayoitwa HRAS, na kuilinganisha na ya mtu mzima wa afya, walikuta tofauti iliyoleta hasara yote ni ya herufi moja tu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza binadamu kuona kosa dogo la jeni linaloweza kuigeuza seli kuwa ya saratani.

Sasa turudi kwa swali la ukoo. Watafiti wamelinganisha jeni za uvimbe na jeni za damu ya mgonjwa yuleyule. Kwa wagonjwa wengi wa kibofu, makosa yale yanapatikana ndani ya uvimbe tu, si katika damu. Maana yake, mtu hakuzaliwa nayo wala hawapi watoto wake. Aliyapata maishani. Zipo familia chache zenye kosa la kurithi linaloongeza hatari, na daktari huzishuku akiona jamaa kadhaa wamepata saratani wakiwa bado vijana. Lakini kwa kawaida kansa ya kibofu si laana, wala si sababu ya kuvunja uchumba.

Makosa hayo hutoka wapi? Chanzo kikubwa ni sigara. Sumu ya moshi huingia katika damu, figo huichuja, kisha inakaa ndani ya kibofu pamoja na mkojo kwa saa nyingi ikigusa seli. Nchini Marekani inakadiriwa kuwa karibu nusu ya saratani za kibofu husababishwa na sigara. Kijana unayetafuna muguka au miraa huku ukiwasha sigara moja baada ya nyingine, elewa kwamba kibofu chako kinaoga moshi huo.

Chanzo kingine ni kichocho. Kichocho cha mashamba ya mpunga ya Mwea, jirani zetu, hasa ni kile cha matumbo. Kile cha kibofu, kinacholeta mkojo wa damu, kiko zaidi Pwani, kama vile Kwale na Tana River. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilikitaja kuwa kisababishi cha saratani ya kibofu. Kama uliwahi kuishi huko ukaoga au kuogelea mtoni, mweleze daktari. Kichocho hutibiwa kwa vidonge vya praziquantel.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Sokoni kuna watu wanaouza dawa za chupa wakisema, "Hii imethibitishwa maabarani kuua kansa." Hata kama ni kweli iliua seli ndani ya chupa, hilo halitoshi. Hata Jik ya kufulia nguo itaziua seli hizo, lakini nani atainywa? Seli za chupani hazina ini, figo wala moyo, na kwa miaka mingi zimebadilika zaidi. Ndiyo maana dawa inayofaulu chupani hujaribiwa tena kwa wanyama, kisha kwa watu, hatua kwa hatua. Dawa ya erdafitinib, inayolenga jeni iitwayo FGFR3, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Makosa ya jeni hiyo katika saratani ya kibofu yalikuwa yameelezwa tangu mwaka 1999. Hiyo ni miaka 20. Usiuze ng'ombe wako kwa ahadi ya chupa moja.

Dalili kuu ni damu katika mkojo, mara nyingi bila maumivu yoyote. Huja leo, kesho ikapotea, na mtu akadhani amepona. Kina mama hudhani ni hedhi. Wanaume huona haya kwa kuwa watu watasema ni kisonono. Si kila damu ni saratani. Yaweza kuwa mawe, maambukizi au kichocho. Lakini huwezi kujua kwa kukisia. Nenda kituo cha afya upimwe mkojo. Ukipewa dawa ya maambukizi na damu ikarudi, usinunue dozi nyingine dukani. Omba kupelekwa hospitali ya rufaa, Meru au Embu, ili upigwe picha na, ikihitajika, kibofu kitazamwe kwa kamera ndogo.

Saratani ikigunduliwa ingali juu ya ukuta wa kibofu, hukwanguliwa kupitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo. Wagonjwa wengine hutiwa BCG ndani ya kibofu, dawa ya jamii moja na chanjo ya kifua kikuu ambayo mtoto hudungwa mkono wa kushoto. Ikishapenya nyama ya kibofu, huenda kibofu chote kikatolewa. Tofauti ya mambo haya mawili mara nyingi ni miezi uliyokaa nyumbani ukingoja.

Basi tukumbuke:
- Kansa ya kibofu mara nyingi hairithiwi, na haiambukizwi.
- Kuacha sigara hupunguza hatari, hata kama umevuta miaka mingi.
- Damu katika mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, ni sababu ya kupimwa.
- Dawa iliyoua seli chupani bado haijathibitishwa kwa mtu.

Ukiwa na mzee nyumbani ambaye ameanza kwenda chooni kwa siri na kufua nguo zake mwenyewe, muulize kwa heshima, na umsindikize hospitalini.