Bangi ya Maabara Yatoa Watu Damu

Mnamo Machi 2018, hospitali za jimbo la Illinois, Marekani, zilianza kupokea wagonjwa waliotokwa na damu puani na katika ufizi. Wengine walikojoa damu, ilhali hawakuwa na jeraha lolote. Wote walikuwa wamevuta bangi bandia, ile iuzwayo katika vipakiti vya rangi za kuvutia kwa jina la ubani, na kuandikwa kwamba si ya kutumiwa na binadamu. Maandishi hayo, bila shaka, ni hila ya kukwepa sheria.

Wapimaji waliikuta ndani yake sumu ya panya, brodifakumu. Sumu hiyo huinyima damu kazi ya vitamini K, nayo damu hukataa kuganda. Zaidi ya watu 150 waliugua jimboni, wanne wakafariki. Walionusurika walimeza vitamini hiyo kwa miezi.

Hata pasipo sumu ya panya, hatari ipo. Kemikali mojawapo, JWH-018, ilitengenezwa na Profesa John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson kwa ajili ya utafiti tu. Wauzaji huiyeyusha na kuinyunyizia majani makavu, hapa kidogo, pale nyingi mno.

Kipimo cha kawaida cha bangi katika mkojo hakizioni kemikali hizi. Kwa hiyo jamaa wampelekao mgonjwa hospitali humsaidia sana daktari wakichukua na kile kipakiti, hata kikiwa kitupu.