MWENDO NAO NI DAWA



Hapa kwetu Butembo na Beni mutu anaanguka na pikipiki ao na chukudu, muguu unavunjika, anafungwa plasta. Siku plasta inatolewa, jamaa wanafurahi: "Amepona!" Lakini muguu umekonda, goti halikunjiki, na mwenyewe anaogopa kukanyaga. Mfupa umeunga, bali muguu umesahau kazi yake. Hapo njo kazi ya kine inaanzia.

Kwa nini muguu unakonda? Musuli usiotumika unapunguka ndani ya majuma machache tu, na kiungo kisichokunjwa kinakauka. Dawa yake haiko farmasi. Ni mazoezi, nayo iko na kipimo sawa vidonge: zoezi gani, mara ngapi, kwa siku ngapi. Kine anaanza na jambo dogo: kukaza paja, kuhesabu mpaka 5, kulegeza, kurudilia. Kisha kukunja goti, kusimama na fimbo, mwisho kupanda ngazi. Uchovu kidogo si ubaya. Maumivu makali ao uvimbe, hapo tunapunguza na kumuuliza kine.

Tusifikiri ni kazi ya waliovunjika peke yao. Mwenye ugonjwa wa sukari akitembea, misuli yake inavuta sukari kutoka ndani ya damu. Mwenye tansio naye anasaidiwa na mwendo wa kila siku, bila kuacha vidonge vya munganga. Kule Australia kuna wataalamu waliosomea jambo hilo hasa: kupima moyo na nguvu za mugonjwa, kisha kumupangia mazoezi yanayomufaa.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1953, Jerry Morris na wenzake waliandika juu ya watumishi wa mabasi ya ngazi ya London. Wakata tiketi, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva waliokaa tu.

Mutu atauliza: mama zetu wanapanda milima na mizigo ya kamba kichwani, mbona migongo inawauma? Ni sababu mzigo hauna kipimo wala pumziko. Zoezi linaongezwa kidogo kidogo na mwili unapewa wakati wa kupumzika. Mzigo wa shamba hauulizi kama umechoka.

Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri watu wazima watembee kwa haraka kiasi dakika 150 kwa juma ao zaidi, na sisi vijana tuchangamushe mwili dakika 60 kila siku. Kutembea mpaka masomo kunahesabiwa.

Basi, mwenzetu akitoka plasta, tumubebee mufuko wa vitabu, lakini tusimuzuie kutembea. Tutembee pamoja naye, pole pole, kwa mwendo wake. Wengi wanabaki vilema, si juu ya mfupa, ni juu ya kukalishwa kwa huruma.