Rubani huamini ala, si hisia zake

Ndege zinazotoka Mombasa kwenda Nairobi usiku hupita karibu na Mtito Andei, katika Makueni, kwenye kituo cha redio cha kuziongoza. Magharibi imeinuka milima ya Chyulu, yenye kilele cha mita 2,188. Mashariki, kuelekea nyika za Kitui Kusini, taa za kumwonyesha rubani ardhi ilipo ni haba mno.

Katika giza kama hilo mwili hudanganya. Majimaji ya sikio la ndani hutambua mgeuko wa ghafla, lakini ndege ikilala ubavu polepole, rubani huhisi imenyooka kabisa. Ndiyo sababu mbele yake pana ala ya upeo: buluu ya mbingu juu, hudhurungi ya ardhi chini, na mstari kati yao. Nyingine hupima kimo kwa kanieneo ya hewa. Isiporekebishwa kulingana na hali ya mahali, hutaja kimo kisicho cha kweli.

Ala, hata hivyo, haina faida isipotazamwa. Mnamo Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways, KQ 507, ilipaa Douala, Kameruni, baada ya saa sita usiku ikija Nairobi. Ilianza kuinama kulia taratibu. Nahodha alidhani mtambo wa kujiendesha umeshika usukani, kumbe haukuwa umewashwa. Ala zilionyesha mwinamo huo, lakini haukurekebishwa. Sauti ya tahadhari ilipolia, nahodha aliuzungusha usukani kwanza kulia, upande uleule. Watu wote 114 waliangamia.