Siku ya Kuitwa Mbele ya Kamati

Somo: Nehemia 1:1–2:8



Leo twataka kusema na ndugu au dada aliyepata barua ya kuitwa kwa mahojiano ya kazi ya kanisa. Labda ni kazi ya uinjilisti, au ya kuwaangalia vijana, au ukarani wa parishi. Siku imekaribia, na moyo wapiga. Tena rafiki amekuambia, "Usijisumbue. Wewe omba tu, Roho atakupa la kusema." Je, shauri hilo latosha?

Tumtazame Nehemia. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani, mbali na Yerusalemu. Aliposikia ya kuwa ukuta wa mji wa baba zake umebomoka, alilia, akafunga, akaomba. Ikapita miezi kama minne, tangu Kisleu hata Nisani, ndipo mfalme alipomwuliza sababu ya huzuni yake. Biblia yatuambia wazi kwamba aliogopa sana. Basi wewe unayeogopa, si wa kwanza.

Mfalme alipomwuliza ataka nini, Nehemia alimwomba Mungu palepale, kisha akajibu. Tazameni majibu yake. Aliulizwa atarudi lini, akataja muda. Akaomba barua za kuwapelekea maliwali wa ng'ambo ya Mto. Akaomba na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti ya malango, ya ukuta, na ya nyumba atakayokaa mwenyewe. Ni dhahiri kwamba mambo hayo hakuyabuni siku ile. Katika miezi ya kuomba alikuwa pia akifikiri na kuhesabu. Maombi hayakumwondolea kazi ya kujitayarisha. Yalimpa moyo wa kuifanya.

Nasi tujitayarishe vivyo hivyo. Kwanza, upajue mahali unapokwenda. Parishi ina makanisa mangapi? Ibada ni kwa lugha gani? Ukiweza, nenda Jumapili moja, uketi nyuma, uabudu pamoja na watu na kusikiliza. Nehemia naye alipofika Yerusalemu aliuzunguka ukuta usiku, akauona kwa macho yake, kabla hajawaambia watu wajenge.

Pili, tengeneza karatasi zako mapema: vyeti vya shule na vya chuo, barua ya mchungaji wako, na cheti cha polisi cha tabia njema kama kimetakiwa. Usiku wa kuamkia mahojiano si wakati wa kutafuta cheti chini ya kitanda.

Tatu, yafikirie maswali ambayo wazee huuliza. Ulimpokea Bwana jinsi gani? Kwa nini waitaka kazi hii? Wazee na vijana wakigombana juu ya nyimbo za ibada, utafanya nini? Jizoeze kujibu kwa sauti mbele ya rafiki, tena kwa maneno machache. Kamati haikukuita uihubirie nusu saa.

Lakini liko swali moja litishalo kuliko yote: "Kwa nini uliacha kazi ya kwanza?" Tuliwahi kuketi katika kamati moja, akaingia kijana mwenye vyeti vizuri. Alipoulizwa hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Wazee wangu, sikuacha, niliachishwa. Nilikuwa nimewekewa fedha za vijana, nikazilipia kodi ya nyumba, nikidhani nitazirudisha kabla ya Jumapili. Sikuweza. Nilikiri, na sasa nimelipa zote. Barua ya mchungaji wangu ni hii." Chumba kizima kilinyamaza. Baada ya mashauri marefu tulimpa kazi ya kufundisha vijana, na fedha zikashikwa na mwingine. Hakuna aliyepata kutunong'onezea habari zake baadaye, maana zote tulikuwa tumezisikia kinywani mwake.

Hatusemi kwamba kila asemaye kweli atapewa kazi. Wengine hukataliwa. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na kanisani ni fupi zaidi, kwa kuwa wachungaji wajuana. Ni afadhali kukosa kazi kuliko kuipata kwa uongo, halafu kila Jumapili usimame mimbarani ukitazama mlango, ukiogopa ni nani atakayeingia.

Mwisho, nawe uulize. Mshahara ni kiasi gani? Nyumba ipo? Nitaongozwa na nani? Wengi huona haya, wakidhani mtumishi wa Mungu hapaswi kuuliza. Lakini Bwana wetu alipowatuma wale sabini hakuona haya kutaja ujira wa mtenda kazi, na Nehemia aliomba hata miti ya nyumba yake. Nanyi wazee, msimfiche neno. Kama mshahara huchelewa, mwambieni. Kama parishi ina ugomvi, mwambieni. Kweli yatakiwa pande zote mbili za meza.

Na tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke wote watakaoitwa mbele ya kamati juma hili. Uwape bidii ya kujitayarisha na ujasiri wa kusema kweli. Uwape wazee macho ya kuona moyo, wala si vyeti peke yake. Na yule atakayekataliwa, usimwache aende nyumbani peke yake. Kwa jina la Yesu. Amina.