Kompyuta inapopanga hatua za utafiti: mfano wa mmomonyoko Marafa

Kingo za Nyari, bonde maarufu la Marafa katika Kaunti ya Kilifi, zinaendelea kumeguka. Miamba yake ya mchanga yenye rangi nyeupe, waridi na nyekundu, ambayo huwavutia watalii, ni laini mno na husombwa na mvua. Kwa mkulima yeyote mwenye shamba karibu na ukingo, swali ni moja: ni ardhi ipi itakayofuata?

Mtaalamu ambaye angetaka kulijibu kwa kompyuta hangepata programu moja ya kumtosha. Angehitaji takwimu za mvua, mathalani zile za CHIRPS zinazoanzia mwaka 1981, pamoja na ramani ya miinuko iliyotokana na vipimo vya chombo cha anga cha Marekani mnamo Februari 2000. Lakini takwimu hizo za mvua huigawa ardhi katika miraba ya takriban kilomita 5, ilhali ramani ya miinuko ina miraba ya takriban mita 30. Sharti zioanishwe, miteremko ihesabiwe, ndipo yote yaingizwe katika kanuni ya mmomonyoko. Kuunganisha programu hizo kwa mkono ni kazi ya kuchosha, na kosa dogo huharibu matokeo yote.

Hapo ndipo mantiki inapotumika. Katika mfumo kama APE, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi, kila programu huandikiwa maelezo: inapokea nini na inatoa nini. Mtafiti hutaja data alizo nazo, matokeo anayoyataka na masharti yake. Mfumo huyageuza hayo kuwa fumbo la kimantiki, kisha hutafuta mifuatano ya hatua inayolifumbua. Aghalabu hupatikana mingi. Kuchagua hubaki kazi ya binadamu.

Hata hivyo, mashine hukagua iwapo hatua zinaoana, si iwapo zinafaa mahali husika. Kanuni ya RUSLE, inayotumiwa sana duniani, huzidisha nguvu ya mvua, udhaifu wa udongo, mteremko, mimea na hifadhi ya ardhi. Hukadiria udongo unaochukuliwa juu juu na katika vijifereji, makorongo haiyahesabu. Nayo Nyari ni korongo. Jambo hilo lisipoandikwa katika maelezo ya programu, mfumo utapanga hatua zisizo na dosari yoyote ya kimantiki, na ramani itakayotoka huenda ikaonyesha usalama pale pale ukingo unapoporomoka.